Unataka Kuwa "Alpha Male"? Kwanza Cheki Venye Nyani wa Amboseli Wanateseka

Fungua simu yako sai, uingie mahali wasee hupost video. Dakika tano hazitaisha kabla ukutane na jamaa wa shati ya kubana na sauti nzito akiambia wanaume wenzake: kuwa dume alfa. Usicheke cheke ovyo. Usijibu teksti haraka. Manzi asijue venye unaskia ndani. Mabeste nao wa nini? Simba hutembea solo. (Simba wa ukweli huishi na familia, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.)

Wamanzi nao wanalishwa yao. Wanaambiwa mwili wao umeumbwa kutafuta mwanaume wa kutisha, na yule mpole ni wa kuliwa fare tu.

Ukiuliza ushahidi ni gani, utaskia, "Hata wanyama wako hivo. Angalia nyani. Angalia sokwe."

Sawa basi. Si tuangalie nyani?

Juu kuna kitu hao majamaa hawajui, ama wanajua na wananyamaza. Baadhi ya nyani waliofuatwa kwa muda mrefu zaidi duniani wako hapa hapa Kenya. Kuna wa Amboseli, kuna waliokuwa Gilgil wakahamishwa Laikipia, na kuna wa Mara. Watu wamewaandama kwa miguu, na daftari mkononi, kwa miaka mingi sana. Wanajua nani alizaa na nani, nani alipiga nani, na nani alikufa akiwa na miaka ngapi. Na stori yenye hizo daftari zinasema haifanani kabisa na ile ya jamaa wa shati ya kubana.

Hiyo jina ilitoka wapi?

Wacha tuanze na neno lenyewe. "Alfa" ni herufi ya kwanza ya Kigiriki, kwa hivyo mnyama alfa ni nambari moja wa kundi. Jina lilipata nguvu 1947, wakati mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa kwa zoo ya Basel, Uswisi. Aliona wakipigania cheo, akaeleza venye kuna mmoja wa juu.

Mmarekani mmoja, L. David Mech, akaichukua hiyo stori na kuiweka kwa kitabu chake cha 1970, na dunia yote ikaimeza. Baadaye huyo huyo Mech akaenda kuangalia mbwa mwitu wa porini, kule kaskazini ya Kanada. Kumbe kundi la porini ni familia ya kawaida: baba, mama na watoi wao. Huyo "alfa" ni mzazi tu. Hakupigana na mtu ndio awe baba. Mech aliandika hivo wazi 1999, na akaomba hadi kile kitabu chake cha zamani kisiendelee kuchapishwa.

Fikiria hapo kidogo. Ukiwafungia wasee wasiojuana kwa seli moja Industrial Area, lazima kutatokea mkubwa wa seli. Lakini huwezi chukua hiyo seli useme ndio picha ya familia za Kenya.

Upande wa sokwe, neno lilipata umaarufu kupitia Frans de Waal, mtafiti Mholanzi aliyeandika 1982 kuhusu siasa za sokwe wa zoo ya Arnhem. Kitabu kilisomwa hadi na wanasiasa wa Marekani. De Waal aliishi kulalamika venye watu walichukua neno "alfa" wakalifanya jina la mtu mnyanyasaji. Yeye alikuwa ameona alfa wengi ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuamua vita, kutetea wadogo na kuliwaza aliyepigwa. Hiyo sehemu haikuingia kwa video.

Nani ni nani kwa hii familia

Kabla tuendelee, tuelewane kwa majina, juu mtaani kila kitu chenye mikono na manyoya huitwa "monkey".

Tumbili ni wale wadogo wa uso mweusi, wezi wa ndizi. Kima ni wale wa Karura na City Park. Mbega ndiye mweusi na mweupe mwenye manyoya marefu. Nyani ni yule mkubwa wa pua ndefu kama ya mbwa, mwenye hukaa kando ya barabara akingoja abiria arushe maganda. Hao wote wana mkia.

Sokwe hana mkia. Kwa kundi lake kuna sokwe mtu wa Gombe, kuna gorila, kuna orangutanu wa Asia, na kuna bonobo wa Kongo. Wewe pia huna mkia, kwa hivyo jipange hapo. DNA yetu na ya sokwe mtu inafanana karibu asilimia 99, na njia zetu ziliachana miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita. Nyani ni binamu wa mbali zaidi: yeye tuliachana naye zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita.

Mbona basi watafiti wanapenda nyani hivo? Juu wanaishi kama sisi. Wanakaa chini kwa savana, kwa vikundi vikubwa, kila mtu anajua kila mtu. Majike hubaki nyumbani maisha yao yote na hurithi cheo cha mama. Madume wakikomaa huhama, wanaenda kutafuta maisha kwa kundi la wageni. Ni kama kutoka ushago na begi moja ukaingia Nairobi: hakuna mtu anakujua, na kila mtu anakucheki vibaya.

Amboseli: mdosi hana usingizi

Mradi wa nyani wa Amboseli ulianza 1971, chini ya Jeanne na Stuart Altmann. Mpaka leo timu ya Wakenya huingia uwanjani kufuata hao nyani mmoja mmoja kwa jina. Na moja ya kazi zao, usicheke, ni kuokota kinyesi.

Kinyesi kina stori. Ndani yake kuna mabaki ya homoni, zikiwemo zile mwili hutoa wakati una stresi. Hivyo unaweza pima presha ya nyani bila kumshika wala kumdunga sindano.

Mwaka wa 2011 watafiti walitoa matokeo ya madume 125 waliofuatwa kwa miaka tisa. Walitarajia kitu kimoja: ukipanda cheo, stresi inashuka. Na kweli ilikuwa inashuka, ngazi baada ya ngazi, mpaka ufike kwa nambari mbili. Halafu kwa nambari moja, ghafla, inapaa juu tena. Alfa alikuwa na stresi kama ya wale madume wa chini kabisa, wale hata kupata kitu ya kudishi ni vita.

Mbona? Juu kazi ya alfa haina likizo. Kila siku kuna msee anataka kiti. Na jike akiwa kwa siku zake za kushika mimba, alfa lazima amfuate hatua kwa hatua, siku nzima, ndio mwingine asimkaribie. Wakati huo hata kula vizuri hawezi, juu macho yako kwa manzi, si kwa chakula. Kama unajua msee mwenye hukagua simu ya dame wake kila dakika kumi, basi umeelewa hiyo sayansi bila kuenda chuo.

Nambari mbili naye? Anakula vizuri, anaheshimiwa, na bado anapata nafasi ya watoto, hata kama ni chache kuliko za mdosi. Stresi yake iko chini sana.

Ikaja utafiti mwingine wa hao hao nyani, 2021. Huu uliangalia alama kwa DNA ambazo hubadilika mwili ukizeeka, kama saa iliyofichwa ndani ya damu. Madume wa vyeo vya juu saa yao ilikuwa inakimbia. Mwili wao ulikuwa unaonekana mzee kuliko miaka yao. Na haikuwa kitu cha kuzaliwa: dume akipanda cheo saa inaongeza mwendo, akishuka inapunguza.

Tuwe wakweli pia, juu hapa hatuuzi uongo wa upande mwingine. Kuwa juu kuna faida. Madume wa juu Amboseli huzaa watoto wengi kuliko wengine. Na utafiti wa 2012 ulionyesha vidonda vyao hupona haraka kuliko vya wa chini. Kwa hivyo alfa si mjinga, kuna kitu anapata. Shida ni kwamba anakilipia, na malipo yanakatwa kwa mwili wake. Halafu kiti chenyewe hakikaliki. Siku moja kuna kijana anaingia na meno mapya, na umaarufu umeisha.

Beste ni dawa

Sasa kama cheo si siri ya maisha mazuri, siri ni nini?

Ukikaa na nyani utaona kitu kimoja wanafanya masaa na masaa: kuchambuana manyoya. Mmoja analala chini, mwingine anapitisha vidole akitafuta kupe. Kwa macho ya haraka ni usafi tu. Na usafi ni kitu serious, juu mtafiti Mkenya Mercy Akinyi na wenzake walionyesha 2013 kwamba nyani wa Amboseli wanaochambuliwa zaidi wana kupe wachache, na wenye kupe wengi damu yao ni dhaifu zaidi.

Lakini kuchambuana pia ndio kuongea kwao. Ndio kupiga stori base, ndio kukaa na wewe hospitali, ndio kukutumia fuliza ukisota. Ukihesabu nani anamchambua nani, unajua nani ni beste ya nani.

Wakahesabu. Miaka 16 ya data ya akina mama wa Amboseli ilitoka 2003. Mama mwenye mabeste wa kweli, watoi wake walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikisha mwaka mmoja. Na hapa ndipo utamu: haikujalisha cheo cha huyo mama. Mama wa chini mwenye mbogi yake alikuwa na bahati kuliko mama wa juu aliye pweke.

Utasema hiyo ni ya wamama. Ngoja. Utafiti wa 2020, bado Amboseli, uliangalia madume. Dume aliyekuwa na ukaribu wa dhati na majike, ule wa kukaa chini na kuchambuana, aliishi muda mrefu kuliko dume mpweke. Yaani yule msee video inamuita "mlaini" juu ana marafiki wa kike, ndiye anazika wengine.

Na kuhusu watoi, iko hii pia. Watu walidhani dume wa nyani hajui hata mtoi wake ni nani, juu jike huwa na madume kadhaa. Vipimo vya DNA vilivyotolewa 2003 vikaonyesha tofauti: watoi wakipigana, dume huingia kutetea mtoto wake wa damu zaidi ya wa wengine. Nyani, bila cheti cha kuzaliwa, bila korti ya watoto, anajua wake na anasimama naye. Hapo kuna wasee wengine Kanairo wanafaa kuangalia chini.

Gilgil: mgeni mwenye kelele

Tutoke Amboseli, tupande Bonde la Ufa. Mwaka wa 1972, Shirley Strum alifika shamba la Kekopey karibu na Gilgil kuangalia kundi la nyani lililoitwa Pumphouse Gang. Wakati huo kila kitabu kilisema kundi la nyani ni jeshi: madume juu, wamepangwa kwa nguvu, wengine wote wanafuata.

Strum akakaa, akaangalia, akashindwa kuliona hilo jeshi. Aliona madume wageni, wale wamefika juzi, ndio wakali zaidi. Wanatoa meno, wanakimbiza watu, kila mtu anawahepa. Lakini ukiangalia nani anapata majike na nani anapata nyama ikishikwa, si hao. Ni wale madume wa miaka mingi, wapole, wanaojulikana. Walikuwa na marafiki wa kike. Walikuwa wanajua tabia ya kila mtu. Hawakuwa na haja ya kupiga, juu walikuwa na watu.

Kuna mbinu moja hapo nataka uione. Dume mkali anamkujia dume mpole. Mpole hakimbii wala hapigani. Anachukua mtoi wa beste yake, anamkumbatia kifuani. Mkali anasimama, na mara nyingi anarudi nyuma, juu akimgusa mtoi atarukiwa na kundi lote. Lakini hiyo mbinu ina sharti: lazima mtoi akuamini. Ukimshika mtoi asiyekujua atalia, na wewe ndiye utachapwa. Kwa hivyo ngao ya huyo dume ilitengenezwa miezi mingi kabla, kwa kubeba watoi na kukaa na mama zao. Uaminifu hauji siku ya vita.

Shamba la Kekopey baadaye liligawanywa kwa wakulima, nyani wakaanza kuvamia mahindi, na 1984 Strum akawahamisha hadi Laikipia. Wakafika mahali hawakujua maji yako wapi wala mti gani unaliwa. Walisurvive. Tena kuna la kuchekesha: madume wa wenyeji walijiunga nao, na wale wahamiaji wakawafuata wakijifunza nini ya kula. Yaani mgeni aliyekubali kujifunza kwa mwenyeji ndiye alipata lunch.

Gombe: kiki ya madebe

Tumebonga sana juu ya nyani, na mtu atasema nyani ni mbali na sisi. Twende basi kwa ndugu wa karibu. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika kuna Gombe. Jane Goodall alifika huko 1960, akitumwa na Louis Leakey wa hapa Nairobi.

Kulikuwa na sokwe dume aliyeitwa Mike. Mwili wa kawaida, cheo cha chini, mtu wa kusukumwa. Alfa wakati huo alikuwa Goliath, mwili jumba. Kwa ngumi Mike hangemweza.

Mwaka wa 1964 Mike akagundua madebe matupu ya mafuta taa kwa kambi ya watafiti. Akaanza kukimbia akiyagonganisha na kuyasukuma mbele yake, hata matatu kwa wakati mmoja, moja kwa moja kuelekea madume wakubwa waliokuwa wamekaa. Wakatawanyika kama hawkers wameona kanjo. Akarudia, tena na tena. Kabla wajue, Mike ndiye mdosi, na Goliath ndiye anamchambua manyoya. Watafiti mwishowe waliyaficha hayo madebe, lakini Mike tayari alikuwa juu, na alikaa huko miaka kadhaa.

Hiyo, wasee wangu, ni kiki. Kabla TikTok, kabla msanii yeyote ajifanye ameachana na mke ndio wimbo uuze, sokwe alikuwa amejua kelele inalipa. Kwa hivyo hata kwa sokwe, "alfa" haimaanishi mwenye misuli. Wakati mwingine ni mwenye akili ya kupata debe.

Baadaye Gombe ikawa na alfa watatu ambao ni kama waliwekwa hapo kutufunza. Wilkie alikuwa mdogo, kilo kama 37. Yeye alitawala kwa kuchambua watu, kila mtu, bila kubagua. Freud alikuwa wa katikati. Halafu ndugu yake Freud, Frodo, kilo zaidi ya 50, mmoja wa sokwe wakubwa na wakali zaidi waliowahi kuonekana Gombe. Aliwahi kumshambulia hata Goodall mwenyewe. Frodo hakuwa mtu wa kuchambua wengine, alitaka tu kuchambuliwa. Alikaa kwa kiti miaka kama mitano, mpaka 2002 akashikwa na ugonjwa. Mwili ukaisha nguvu, na kiti kikaenda. Nguvu ndiyo ilikuwa akiba yake yote, na ugonjwa ulipokuja, alikuwa amefilisika.

Mara: siku madume wakali walikufa

Turudi Kenya kwa stori ya mwisho, na hii ndiyo noma kuliko zote.

Robert Sapolsky, mtafiti Mmarekani, alikuwa akifuata kundi la nyani la Mara alilolipa jina Forest Troop. Jirani yao kulikuwa na hoteli ya watalii yenye shimo la taka, na kundi lingine la nyani lilikuwa linaishi hapo likila mabaki. Madume wakali wa Forest Troop wakaona hawawezi achia hiyo mali. Kila asubuhi walikuwa wanaenda kupigania takataka. Wapole hawakuenda. Walibaki nyumbani, juu hata hawangethubutu.

Katikati ya miaka ya 1980, nyama yenye kifua kikuu ikatupwa kwa hilo shimo. Walioila wakafa. Karibu nusu ya madume wa Forest Troop waliisha, na waliokufa ni wale wakali.

Kundi likabaki na majike wengi na madume wapole. Kila kitu kikabadilika. Madume walipigana kidogo. Dume akishindwa na mwenzake hakutafuta jike mdogo wa kumalizia hasira. Watu walikaa karibu karibu, wakichambuana. Na madume wa chini hawakuwa tena na zile dalili za stresi ambazo wa chini huwa nazo kwa makundi mengine.

Utasema ni kawaida, wabaya walikufa. Lakini sikiza. Kumbuka madume wa nyani huhama. Miaka kumi baadaye, wale madume wapole wote walikuwa wameenda ama wamekufa. Madume wote waliokuwa hapo walikuwa wageni, wamelelewa kwa makundi ya kawaida ya meno na ngumi. Na bado kundi lilikuwa pole. Sapolsky na mwenzake waliandika hiyo matokeo 2004, na wasomi wengi wakashtuka.

Wageni walijifunza. Walifika wakiwa tayari kwa vita, wakapata majike ambao hawakuwa na woga, wanawakaribisha na kuwachambua mapema kuliko mahali pengine. Hakukuwa na haja ya kutoa meno. Wakaacha.

Kwa miaka mingi watu waliambiwa ukali wa nyani uko kwa damu, hauwezi toka. Ulitoka kwa kizazi kimoja. Sasa mtu akikuambia "wanaume ndio hivo wameumbwa", muulize anajua Forest Troop ama abongee mambo mengine.

Na sisi je?

Kuna swali halali hapa: mbona tujilinganishe na hao watu kabisa? Sisi si nyani.

Kweli, na mwili wako unasema hivo. Dume wa nyani ni kama mara mbili ya uzito wa jike, na meno yake ya pembeni ni visu. Huo ni mwili wa spishi ambayo madume hupigana kila wakati. Sasa jicheki kwa kioo. Tofauti ya mwanaume na mwanamke kwa binadamu ni ndogo sana ukilinganisha, na meno yetu ya pembeni yako karibu sawa. Mwili wa binadamu haukujengwa kama silaha.

Tena chunga mtu anayekuchagulia mnyama mmoja. Ukitaka vita, utapata: kati ya 1974 na 1978, sokwe wa Gombe waligawanyika, na kundi moja likamaliza madume wa lingine, majirani waliokuwa wamekula pamoja. Ukitaka kinyume, vuka uende kusini mwa mto Kongo, kwa bonobo. Huko majike huungana, na dume akileta ujinga wanamkimbiza kama mwizi wa simu Muthurwa. Na sokwe wa vita na bonobo wa majike wote wako karibu na sisi kwa kiasi sawa. Kwa hivyo huwezi sema damu yetu imeamua. Msee wa video amechagua mnyama anayemfaa, halafu akamuita ukweli.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sisi pia. Tunacheka nyani akigombania ganda la ndizi kando ya barabara, halafu tunatumia miaka ya ujana tukigombania heshima ya watu ambao hata hawatakuja kutuona wodini.

Na hapo ndipo hii stori inauma. Kijana wa miaka 20 anaambiwa asiongee, asilie, asikuwe na beste, ajaze mwili, atishe watu. Anafanya hivo. Anapata misuli na ukimya. Siku kazi inaisha, ama mzazi anaaga, ama akili inaanza kumchezea, anaangalia simu na hakuna namba ya kupiga. Amejenga maisha ya Frodo bila hata kilo za Frodo.

Enda jimu, hakuna mtu amekukataza. Tafuta ganji, panda cheo, wika ukiweza. Lakini wakati unahesabu vitu zenye uko nazo, usianze na misuli wala wafuasi. Anza na swali lenye nyani yeyote wa Amboseli angeelewa bila kutafsiriwa: kwa mgongo wako, pale mkono wako haufiki, ni nani hukutoa kupe? Na wewe, leo, umemtoa nani?